Walimwengu wa Huko Juu

Karakana, 4 Februari

Mwanangu Antena,

Nakutumia salamu zisizo na mikwaruzo, zinazosikika mpaka stesheni ya mwisho. Mimi mzima. Mama yako mdogo mzima, isipokuwa goti, na goti lenyewe analitumia zaidi kuniagiza kuliko kulilalamikia. Kazi inakwenda. Jana wameniletea televisheni iliyowashinda mafundi watatu, mmoja wao ana cheti cha kutundika ukutani. Nilipofungua tu mfuniko ikawaka. Sikuigusa. Iliniona.

Hilo la kukatazwa simu huko kituoni kwenu bado halijanikaa. Nimewaeleza watu hapa kwamba mtoto wangu anafanya kazi na redio kubwa kama uwanja wa mpira, inasikiliza nyota, na kwamba simu moja ikiwashwa karibu yake ni sawa na kumpigia mgonjwa debe sikioni. Wakacheka. Mwenye duka la viatu akaniuliza, "Fundi, sasa hizo nyota zinasema nini?" Nikamwambia, "Zinauliza utafunga lini mdomo."

Basi na tuandikiane barua kama watu wa zamani. Mimi sichukii. Mwandiko wangu mzuri, mwalimu wa darasa la sita alisema ningefika mbali kama ningefika la saba.

Nimesikia mjomba wako, Imamu, amekutumia mswala. Mlaini, ameuagiza kutoka sijui wapi. Nimeusikia kwa watu, maana kabla ya kuufunga aliutandaza msikitini kila mtu auone. Vizuri. Mjomba ni mjomba. Ila mswala hata mashine inashona. Mimi nimekutumia kitu kilichotoka kwenye mikono hii: saa ya adhana. Ndogo, ya kuweka karibu na kitanda, inaadhini yenyewe nyakati zote tano. Niliipata imekufa, nikaifufua, na ndani nimeongeza mambo yangu. Fundi mwingine akiifungua atalia.

Halafu kuna hili la likizo yako ya mwezi wa tisa. Chumba chako nimekipaka rangi. Nasema tu, maana nasikia Imamu naye ana chumba cha wageni chenye marumaru, na mkewe anasema kwa sauti kubwa kwamba mtoto atapumzikia kwao. Apumzikie kwao kwa lipi? Tangu wazazi wako walipotangulia, uliota meno ya pili nyumbani kwa nani? Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Ni mimi baba yako mdogo,
Fundi Mawimbi


Kituoni, 27 Februari

Baba mdogo,

Shikamoo. Mama mdogo naye shikamoo, na goti lake nalo pole. Huku tu wazima. Kuna upepo, kuna vumbi, na kuna wenzangu wachache ambao tumekwisha kusimuliana kila kisa tulichokuja nacho.

Saa imefika, asante sana. Mlinzi wa getini, ambaye hukagua kila kifaa, aliigeuzageuza akauliza, "Si saa tu hii?" Nikasema ni saa tu, akaipitisha. Kwa bahati mbaya njia imeitikisa: haitoi sauti, na hata muda inaouonyesha si wa hapa. Lakini nimeiweka kwenye droo ya meza yangu ya kazi. Nikivuta droo nawakumbuka. Mswala nao ulifika.

Kazi yangu ni kukaa mbele ya skrini na kutenganisha kelele za duniani na sauti za mbinguni. Karibu zote ni za duniani. Mkuu wetu, tunayemwita Daktari, ni mama mmoja mkavu, haamini kitu mpaka akishike. Kila tukishangaa jambo hutuambia, "Kila muujiza una waya wake. Utafuteni."

Nikuulize kitu, baba mdogo, nawe unijibu polepole. Ikija kujulikana kwamba hatuko peke yetu, kwamba huko mbali wako wengine wenye akili kama sisi au kutuzidi, siku hiyo wewe utaswali vipi? Nataka jibu lako wewe.

Likizo bado iko mbali.

Mwanao


Karakana, 15 Machi

Antena wangu,

Salamu zikufikie zingali za moto. Goti limepona nusu, yaani linauma asubuhi tu. Ile televisheni nimeirudisha kwa mwenyewe, naye amenitangaza mtaa mzima mpaka naona haya, ingawa si sana.

Saa kunyamaza ni spika tu, waya umeachia. Usiifungue wewe. Ndani kuna mambo ya kikubwa.

Na kwa swali lako umefika kwa mwenyewe. Nyinyi mnawatafuta hao viumbe kwa madishi, mimi nilishawapata zamani kwa antena ya hanga ya koti. Ilikuwa mwaka ule wa mvua zisizokatika, natengeneza redio ya mkuu wa posta. Nikazipita stesheni zote, nikafika pale ambapo mshale huwa haufiki, nikasikia mtu anahesabu. Lugha gani sijui, ila mtu akihesabu unajua tu anahesabu. Nikachukua bisibisi nikagonga bodi la redio: ko, ko, ko. Akanyamaza. Kisha na yeye akagonga: ko, ko, ko. Nikamwambia, "Kumbe na nyinyi mna mafundi?" Akacheka, mwanangu. Kicheko cha adabu, cha mtu aliyelelewa. Mkuu wa posta alipokuja kuchukua redio yake sikumwambia kitu, maana serikali ingeingilia.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Nilipomaliza kuongea nao niliswali kama kawaida, nikala, nikashiba.

Mjomba wako juzi ameniuliza, "Mtoto anaendeleaje, shemeji?" kwa sauti ya kupeleleza. Nikamjibu kwamba mimi na wewe tuko kwenye majadiliano ya mambo ya mbinguni. Akatabasamu, lile tabasamu lake la kusoma ng'ambo. Nikarudi nyumbani sina raha. Tabasamu lilikuwa refu.

La chumba hukunijibu. Rangi ni ya samawati.

Baba yako mdogo,
Fundi Mawimbi


Kituoni, 30 Aprili

Baba mdogo,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Siumwi, wala sijakasirika. Kuna kazi imetushika na sina ruhusa ya kuisema. Naswali, lakini nikisimama kwenye mswala najikuta nasikiliza badala ya kusoma.

Nilishuka mjini mara moja na gari la mahitaji. Hatukukaa sana.

Kisa cha mkuu wa posta nilikisoma. Nilicheka.

Msalimie mama mdogo.

Mwanao


Karakana, 12 Mei

Kwa Binti wa Kituoni,

Salamu. Huku wote wazima. Goti zima. Mimi mzima wa mwili.

Umeshuka mjini. Mjini kuna simu. Ukashika simu. Ukampigia nani?

Usinijibu. Najua, na mtaa mzima unajua. Ijumaa Imamu alipanda mimbari akafungua mdomo, na neno la kwanza lililotoka ni "mpwa wangu". Hakusema mtoto wa Fundi. Mpwa wangu! Mpwa wangu amenipigia simu kutoka kwenye redio ya nyota. Wamenasa sauti. Inakuja mara tano halafu inatulia, na kesho yake inakuja tena mara tano. Mbili za jioni zimekaribiana, ya kwanza imeachana mbali na ya pili, mpango ule ule wa sala zetu, ila saa zake si za huko aliko mpwa wangu. Akainua kidole mpaka kanzu ikapanda: "Wana jua lao, ndugu zanguni! Wana alfajiri yao!"

Kisha akalichambua lile neno tunalolisema kila siku kwenye dua, Mola wa walimwengu wote. Akasema walimwengu si sisi peke yetu, ni wote wa malimwengu yote, na Mola wao ni huyu huyu wetu.

Mwanangu, mimi tangu utoto wangu nikisema Mola wa walimwengu, nilijua ni hawa hawa walimwengu wa mtaani, wale tunaosema "walimwengu hawana dogo". Na nilikuwa nafarijika sana, kwamba hata mwenye duka la viatu yuko anayemweza. Leo naambiwa neno ni pana, limefika kwenye nyota. Watu wakatokwa na machozi. Mimi pia nililia, ila wenzangu walilia kwa imani na mimi nililia kwa wivu. Maana wakati wa kutoka wazee wote walimpa mkono yeye. Mwenye duka la viatu akanipiga bega: "Aa, Fundi! Kumbe binti ana mjomba!"

Nani alikupandisha juu ya bati ushike waya mpaka ukaitwa Antena? Yeye siku zile alikuwa wapi? Ng'ambo, anasomea kutabasamu.

Na mswala wake unauswalia, umeandika mwenyewe. Haya, mswala unajua sisi huku tunaswali saa ngapi? Saa yangu inajua. Ulisema muda wake si wa huko. Hauwezi kuwa wa huko! Niliifunga kwa nyakati za huku, za msikiti wetu, ili kila ikiita ujue dakika hiyo hiyo baba yako mdogo anatia udhu. Mtu anamtumia mtoto wake kitu kama hicho. Na hilo mpigie simu mjomba wako umweleze.

Fundi


Kituoni, 29 Mei

Baba mdogo,

Shikamoo. Gari linaondoka sasa hivi, nina swali moja tu. Ndani ya ile saa uliongeza nini? Naomba usitie chumvi.

Mwanao


Karakana, 9 Juni

Mwanangu,

Salamu. Barua yako ni fupi kama jina la paka. Nimeirudia na kuirudia nikitafuta mahali uliponiomba radhi, nikakosa, nikatafuta mahali ulipokasirika, napo nikakosa. Mama yako mdogo anasema niache kuichungulia kwenye mwanga.

Bila chumvi: palikuwa na maikrofoni isiyo na waya ya ukumbi wa harusi, imevunjika. Nikatoa kile kidude chake cha kurushia sauti, nikakilehemu ndani ya saa, ili adhana isiishie kitandani. Iruke hewani, uidake kwa redio yoyote ndogo, uwe bafuni, uwe jikoni. Halafu nikakiongezea nguvu kidogo. Hiyo kidogo ndiyo chumvi pekee, nisamehe. Siku naijaribu hapa iliingia kwenye redio ya kinyozi ng'ambo ya barabara, akazima mashine na kichwa cha mtu kikabaki nusu. Spika ilikufa njiani, lakini hicho hakifi, nilikibana kwa mkono huu.

Mbona umeuliza? Kuna mtu ameisifu?

Baba yako mdogo,
Fundi Mawimbi


Kituoni, 2 Julai

Baba mdogo,

Shikamoo. Mama mdogo shikamoo. Kaa kwanza, uisome hii umekaa.

Wale waliokuwa wanaswali huko juu ni wewe.

Barua yako ya mwezi wa tano nilikuwa naisomea kazini. Nilipofika pale pa nyakati za msikiti wetu nilivuta droo nikaitazama saa. Nikachukua karatasi, nikaandika alfajiri ya nyumbani, adhuhuri ya nyumbani, zote tano, nikazipanga pembeni ya zile sauti. Zililala juu yake kama kitambaa juu ya meza. Barua yako ya pili ilipofika nikaenda kwa Daktari na saa mkononi. Tuliipeleka mbali nyuma ya vilima, sauti ikapotea. Tukairudisha, ikarudi. Yeye tangu mwanzo alisema kitu kinachofuata siku ya dunia ni cha dunia. Mimi ndiye niliyekataa.

Alifungua mfuniko, akachungulia muda mrefu. "Nani amefanya hii kazi?" Nikamwambia baba yangu mdogo. Akasema, "Ameibana vizuri sana." Kisha akaniandikia onyo. Nimeondolewa kwenye usikilizaji, niko kwenye ghala la vipuri. Baada ya likizo wataamua kama nirudi mezani kwangu au nirudi nyumbani.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikumwambia Daktari. Wiki zile nilizoamini kwamba huko wako watu wanaosujudu, nilidhani nitaogopa. Sikuogopa. Niliona wivu, baba mdogo. Nilisema, kumbe Mungu anao wengine, na pengine wanamwabudu vizuri kuliko mimi ninayeswali huku nawaza chakula. Nilijisikia kama mtoto anayeambiwa nyumbani kuna mtoto mwingine. Niliona haya kuwa na wivu kwa Mungu. Ndipo nikampigia mjomba. Akasema, "Basi safu imerefuka." Nikalia palepale kwenye kibanda cha simu. Nilimwomba asitangaze. Alitangaza.

Unauliza kwa nini sikukupigia wewe. Nilikuuliza wewe kwanza. Ukanipa mkuu wa posta.

Mjomba nimemwandikia kwamba ilikuwa hitilafu ya kifaa. Sikusema kifaa cha nani na sitasema. Nawe usiseme. Watu watakucheka maisha.

Mwanao


Karakana, 25 Julai

Antena mwanangu,

Nakusalimu kwa sauti ya chini. Mama yako mdogo ameisoma barua yako, akasema "Ya Allah", akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Aliporudi akaniuliza, "Sasa mtoto akifukuzwa kazi, utamtengenezea saa nyingine?" Sikuwa na la kusema, na wewe unajua hilo kwangu ni ugonjwa.

Nilikaa na barua siku kadhaa. Huku Imamu anaungua. Ile barua yako ya hitilafu aliisoma mwenyewe mbele za watu, kwa hilo nampa haki yake, mwingine angeificha. Lakini walimwengu ni walimwengu. Akipita wanamwuliza, "Shekhe, wale wa juu leo wameshatawadha?" Watoto wa madrasa wanatazama angani na kuitikia amina. Kamati ya msikiti ikaanza kunong'ona kwamba apumzishwe, aletwe mwingine asiyehubiri simu.

Nikwambie ukweli, siku za kwanza nilikuwa nasikia raha. Nilipita mbele ya nyumba yake yenye marumaru kwa mwendo wa taratibu kabisa. Kisha raha ikaanza kunikereketa. Nikawaza: yule mtu anachekwa kwa ajili ya kazi ya nani? Kazi ya mikono yangu! Redio ya ukubwa wa uwanja wa mpira imedanganywa pamoja na madaktari wake wote, na jina linalotajwa mtaani ni la Imamu. Sikuvumilia. Wewe uliniambia nisiseme, nami nilikusudia kukutii, nakuapia, mpaka Ijumaa.

Ijumaa, sala ilipokwisha, nikasimama. "Jamani kaeni. Mnamcheka Imamu kwa kitu asichokitengeneza?"

Mzee wa kamati akasema, "Fundi, leo tuna haraka."

"Ile sauti ya huko juu ni yangu."

Nikawaeleza saa, nikawaeleza maikrofoni ya harusi, nikawaeleza yule mama wa sayansi aliyechungulia ndani na kusema nimeibana vizuri sana. Hilo nililirudia mara mbili. Nikasema, "Mjomba mtu aliambiwa na mtoto kwamba kuna viumbe wanaswali nyakati tano. Alisema uongo? Viumbe wenyewe si nyinyi hapa? Zilikuwa ni nyakati za msikiti huu huu! Imamu alihubiri habari zenu, mkalia machozi, hamkujitambua!"

Mwenye duka la viatu akainua mkono. "Kwa hiyo, Fundi, yule kiumbe wa angani ni wewe?"

Mwanangu, msikiti ulivunjika mbavu. Mzee wa kamati alishika nguzo. Nikamwambia, "Ndiyo, na nimeshuka kwa ajili yako." Wakazidi. Tangu siku hiyo sina jina jingine, naitwa Kiumbe. Kinyozi, mteja akiingia, anamwambia subiri kidogo Kiumbe anapita. Imamu hawamwulizi tena, wana kazi na mimi. Nami nawahadithia, na kila nikihadithia kidude kinazidi nguvu. Kwa sasa kimefika mwezini.

Imamu alinikuta nje nikivaa viatu. "Shemeji, ungeniacha niungue."

"Ningekuacha," nikamwambia, "lakini ulikuwa unaungua na sifa yangu."

Akatabasamu. Safari hii halikuwa lile la ng'ambo.

Sasa lile swali lako. Nilikujibu vibaya kwa sababu nilifurahi mno kuulizwa. Ngoja nijaribu tena, bila mkuu wa posta. Siku hiyo na mimi ningeona wivu, tena kukuzidi. Mimi kila ninayempenda nataka anione mimi tu, nadhani waliponiunda walikaza skrubu hiyo kupita kiasi. Lakini hapa karakana nimeona jambo moja maisha yangu yote. Stesheni ikirusha, huyu akifungua redio anaipata, na jirani yake akifungua anaipata, na mtaa mzima ukifungua hakuna hata mmoja anayepunguziwa sauti. Sijawahi kuletewa redio ikasemwa imefifia kwa sababu ya jirani kuwasha ya kwake. Basi nadhani Mola ni hivyo. Hao wa huko juu, kama wapo, wafungue za kwao. Siku hiyo ningeswali nikiwa nimenuna kidogo, lakini ningeswali, nami ningemsikia vile vile.

Hilo nimelielewa kwa Mungu. Kwa mjomba wako bado.

Nimemwandikia Daktari wako barua yangu mwenyewe, usiogope, nimeandika mistari michache tu, kwamba kosa ni la fundi na mtoto hakujua kilichomo ndani. Mama yako mdogo ameisoma akafuta ile sehemu ya televisheni.

Baba yako mdogo,
Kiumbe


Kituoni, 20 Agosti

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimekisoma kisa cha msikitini kwa sauti ghalani na mtunza vipuri amelia kwa kucheka. Nilikuambia usiseme. Sijui nikushukuru au nikugombeze, nikifika nitachagua.

Daktari ameipokea barua yako. Aliniita, akanionyesha mahali palipofutwa, akauliza palikuwa na nini. Nikamwambia pengine ni televisheni. Hakucheka, lakini alisema nikitoka likizoni nirudi kwenye meza yangu, na kwamba kuanzia sasa zawadi zangu atazifungua yeye mwenyewe.

Mjomba ameniandikia. Ameniomba radhi kwa kutangaza, na sababu yake sikuitegemea. Anasema tangu alipotoka masomoni kila mahali anasikia "mtoto wa Fundi, mtoto wa Fundi", na siku moja tu alitaka niwe mpwa wa Imamu. Nilipofika hapo nilidhani naisoma barua yako.

Kuhusu likizo. Nitafikia kwako, na nilikuwa nifikie kwako siku zote, sikuwahi kufikiri kwamba hilo linahitaji kuandikwa. Ila kuna jambo. Chumba chake chenye marumaru kinavuja, ameezua paa, mkewe amekwenda kwa dada yake. Ananiuliza kama siku nitakayofika na yeye anaweza kulala hapo kwako, atusikilize tukizungumza. Ameogopa kukuuliza mwenyewe. Nimemwambia nitakuuliza.

Tarehe kumi na mbili, basi la mchana.

Mwanao


Karakana, 1 Septemba

Antena,

Salamu tupu, nyingine utapewa mkononi. Goti linasubiri basi kuliko mwenye goti.

Kumbe naye! Mtu mzima, na elimu yote ile! Nimecheka peke yangu mpaka bisibisi ikaanguka chini ya meza.

Mwambie aje. Hapana, nimeshakwenda kumwambia mwenyewe leo asubuhi, nikamkuta juu ya ngazi anaangalia bati, hajui hata msumari unaingilia wapi. Nimemgongea yale ya upande wa mbele. Nimemwekea godoro ukumbini. Mazungumzo atasikiliza, lakini kwa zamu, na zamu ya kwanza ni yangu kwa sababu nyumba ni yangu. Yakifika ya dini atasema yeye. Yakifika ya nyota utasema wewe. Yanayobaki yote ni yangu.

Anataka na yeye aje stendi kukupokea. Nimejaribu kumwambia mtu mmoja anatosha kubeba begi, akasema atabeba mkono mmoja wa begi. Sikuweza kumkatalia, nikiwa juu ya ngazi yake.

Kwa hiyo tutakuwa wawili pale. Yeye ni mrefu, tena atakuwa na kanzu nyeupe, utamwona kabla ya basi kusimama. Najua ni mjomba wako, na damu ni damu, na stesheni haipungui sauti. Yote najua.

Lakini ukishuka, nitazame mimi kwanza.

Baba yako mdogo